Ami yangu si mwoga

Ami amevua samaki tangu ujana wake hapa Lamu. Tangu mashua yao ipinduliwe na wimbi msimu wa kusi, hata kuvuka kwenda Mokowe hawezi. Akisikia tu injini ya boti gatini, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Barazani wengine wanasema ni jini la bahari, wengine wanasema amekuwa mwoga. Hilo la pili linaniuma sana.

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo kama lozi, iitwayo amigdala. Sauti iliyofungamana na hatari huifikia upesi mno: moyo unakwenda mbio na adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, inamwagika kabla mtu hajawahi kufikiri kwamba hii ni boti ya abiria tu. Joseph LeDoux, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alizichunguza njia hizo za hofu miaka mingi, kwa kutumia panya. Kwa hiyo ami hachagui kutetemeka, jamani! Mwacheni.

Na kumwambia "sahau" hakumsaidii. Kumbukumbu ya hofu kwa kawaida haifutiki. Ubongo hujifunza jambo jipya la kuifunika, kwamba sauti ile sasa si hatari, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoituliza amigdala. Somo hilo lataka kurudiwarudiwa, taratibu, bila kulazimishwa. Daktari anamwona, na jioni tunaketi naye gatini akivuta pumzi na kuitoa polepole, maana kutoa pumzi kwa utaratibu hupunguza mapigo ya moyo. Akiwa tayari, inshallah, tutapanda mashua ikiwa bado imefungwa.