Nukta za kaboni kubeba jeni: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 9

Wiki ya 1 na ya 2: kupika

Tunataka chembe zisizozidi nanomita 10, zing'ae zenyewe chini ya mwanga wa urujuanimno, na zibebe plasmidi (kipete cha DNA) yenye jeni ya EGFP, protini inayong'aa kijani, hadi ndani ya seli za HEK293, seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara. Chembe za kadimiamu zinang'aa vizuri zaidi, lakini kadimiamu ikivuja inaua seli na taka zake ni mzigo. Tumebaki na kaboni.

Mapishi ya kwanza: ndimu ya unga (asidi ya sitriki) gramu 1, polietilenimini (polima yenye nitrojeni nyingi) ya daltoni 1,800, yaani uzito wa molekuli, gramu 0.5, maji yaliyokenekwa mililita 10. Maikrowevu ya wati 700, sekunde 30 kwa 30, chombo kisijae zaidi ya robo maana mchanganyiko unafura na kumwagika ghafla. Rangi inatoka kama maji, inakuwa kama chai ya rangi, kisha asali nzito. Ikifika hapo, simamisha. Ukipitiliza unapata masizi yasiyoyeyuka.

Ndimu ya unga ya Kariakoo, ile ya mishkaki, inatosha kujifunzia mkono tu. Kwa unyevu wa hapa pakiti ikifunguliwa inashika mabonge, na hapo gramu 1 unayopima ina maji ndani yake. Hata ya maabara, soma lebo: isiyo na maji ni gramu 192 kwa moli, yenye maji ni 210.

Tochi nazo zinadanganya. Nyingi za kukagulia noti ni za nanomita 395, na zambarau yake inaonekana kama mng'ao hata kwenye maji matupu. Tumia ya 365.

Wiki ya 3: zinang'aa lakini hazibebi

Buluu kali, ila kwenye jeli, ambamo umeme huivuta DNA isiyoshikwa, DNA ikakimbia kama vile hakuna kilichoishika. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo, sema hatukuifanya. Gramu 1 ya ndimu ina milimoli 15.6 za vikundi vya asidi; gramu 0.5 za polima zina milimoli 11.6 tu za nitrojeni, inayoleta chaji chanya. Asidi imezidi, uso wa chembe ukawa hasi, na DNA nayo ni hasi.

Mapishi ya pili: ndimu gramu 0.25 (milimoli 3.9 za asidi), polima gramu 1 (milimoli 23). Mng'ao ukapungua kidogo, chaji ikawa chanya.

Kusafisha ni ndani ya mfuko wa kuchujia wa daltoni 3,500, siku 2, maji yakibadilishwa asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo sababu ya kuchagua polima ndogo: iliyobaki huru inapita kwenye mfuko. Ile ya daltoni 25,000 ingebaki ndani, ikabeba jeni yenyewe, na sifa zikaenda kwa chembe.

Wiki ya 4: jeli

Agarosi asilimia 1, volti 100, dakika 40, DNA mikrogramu 0.5 kila kishimo. Chembe kwa DNA kwa uzito: 0.5, 1, 2, 4, 8. Kuanzia 4 DNA haitoki kishimoni. Kwenye 8 kishimo kiko giza, na hapo wengi hudhani DNA imepotea. Ipo, imefungwa kiasi kwamba rangi ya kuonyesha DNA haipati pa kuingia. Tia heparini, molekuli yenye chaji hasi inayoipokonya DNA nafasi kwenye chembe, mstari unarudi.

Wiki ya 6 na ya 7: seli

Sahani ya visima 24, seli 80,000 kila kisima siku moja kabla. Plasmidi mikrogramu 0.5 ndani ya mikrolita 25 za chumvi ya milimola 150, chembe mikrogramu 2 ndani ya mikrolita 25 nyingine. Changanya, subiri dakika 15, mwagia. Ukichelewa hadi 40 kwenye chumvi, vifurushi vinagandana na unaona vumbi chini ya hadubini. Baada ya saa 4 badilisha chakula cha seli, kiwe na seramu.

Umeme ukikatika, usifungue inkubeta "kuangalia kidogo tu". Kabonidayoksaidi inatoka, na chakula cha seli kinageuka kutoka rangi ya machungwa-nyekundu kuwa waridi la zambarau. Sahani moja iliishia hivyo.

Wiki ya 8 na ya 9: kijani cha uongo

Saa 48, visima vyote vya majaribio kijani. Furaha ikadumu hadi kisima cha ulinganisho: chembe bila plasmidi, nacho kijani. Nukta za kaboni hazina rangi moja. Ukizimulika kwa mwanga wa nanomita 488 zinatoa mwanga hafifu unaoangukia palepale EGFP inapotoa, karibu na 507. Tofauti iko kwenye umbo. EGFP hujaza seli nzima, kiini pamoja, kama taa ndani ya karai. Chembe ni vitone vitone, vingi vimekwama kwenye endosomu (vifuko vidogo ndani ya seli) au vimenata nje.

Sasa kila sahani ina visima vinne vya lazima: seli tupu, chembe tupu, plasmidi tupu, na chembe zenye plasmidi isiyo na EGFP. Mwanga wa kamera unapangwa kwa kisima cha nne, mpaka kiwe cheusi, ndipo vingine vipigwe picha. Kwa mpangilio huo seli za kijani halisi ni chache, zimetawanyika, na kwa uwiano wa 8 nyingi zimejikunja na kung'oka. Wiki ya 10: uwiano wa 4, 5 na 6, na kuosha kwa heparini kabla ya picha ili zilizonata nje ziondoke.