Leo nimeshikishwa daftari la skoa

Jamani leo nimekoma 😅 Huku Ohio binti yangu anacheza softiboli (ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia besi, yani vituo vya uwanjani), sasa yule mama anayeandikaga skoa hakuja, kocha akanikuta nimekaa zangu na chupa ya chai akanipa daftari na penseli, mi hata sheria bado nababaisha!

Kumbe kila nafasi uwanjani ina namba yake, sio ile ya jezi, mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu 6 ingawa anasimama kati ya 4 na 5 (hapo ndo walinichanganya), wa nje 7, 8, 9. Yani mpira wa chini ukifika kwa shotistopu akampa wa 4 naye akampa wa 3, wawili wametoka, unaandika 6-4-3 basi. K ni straiki tatu, mpigaji katoka (straiki ni kuukosa mpira ukizungusha gongo, au kuuacha mpira mzuri upite), na ukisimama tu kama mlingoti ya tatu ikapita, K inageuzwa nyuma mbele.

Sasa ining (zamu) ya nne binti kazungusha gongo hewani, straiki ya tatu, nikaandika K roho inaniuma, mara namwona anakimbia! Mdakaji kauangusha mpira na besi ya kwanza haina mtu, kumbe hapo unaruhusiwa kukimbia, mtoto kafika salama. Nikafuta ile K mpaka karatasi ikatoboka, mzee mmoja wa timu pinzani ananiambia taratibu, K inabaki hiyo, unaongeza tu alivyofika.

Jioni binti kaona K yake pembeni ya tundu. Kaninunia mpaka saa hizi.