Kiwengwa kwa Utepe, Jambiani kwa Feni

Mke wangu ndiye aliyetaka hoteli ya kulipa mara moja: unafungwa utepe mkononi, unakula na kunywa mpaka siku ya kuondoka. Boti kutoka Dar na mabishano ya teksi pale bandarini nayaruka. Tulifikia Kiwengwa, mashariki ya Unguja, ambako Waitaliano wamezoeleka hata wauza vinyago wanataja bei kwa Kitaliano. Kijana wa mapokezi alitukaribisha kwa "ciao", nami nikaitikia "marahaba". Bei ilikuwa ya dola, vitambulisho vyetu vya Taifa havikusaidia kitu, na chakula kilikuwa tambi mchana, tambi usiku.

Kesho yake maji yakatoka. Sisi wa Mwanza hatujazoea: ziwa letu halina tabia ya kuondoka likarudi jioni. Bahari ilijivuta hadi kwenye mwamba, ngalawa zikabaki zimelala mchangani. Nikavaa shati la mikono mirefu kwa ajili ya jua, nikakunja suruali, nikatembea hadi huko.

Wakati wa kurudi, mlinzi akanizuia kwa rungu. "Papasi mwisho kwenye kamba, kaka." Papasi ndio wale vijana wanaowaandama watalii ufukweni kuwauzia vitu na safari.

Nikamwambia mimi ni mgeni wa hoteli. Akacheka. "Wote mnasema hivyo."

Wazungu wawili wakapita pembeni yetu, mmoja mkono mtupu kabisa, hakuulizwa chochote. Hapo nikapandisha shati, utepe wa bluu ukaonekana. "Samahani, bosi!" Ukaka ukafia hapo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini akanieleza kwamba papasi mmoja akipenya, yeye ndiye anayeitwa ofisini. Kwao ni Simanjiro. Tulikaa kwenye kivuli tukazungumza ng'ombe na ukame hadi mke wangu akaja kunitafuta. Hasira ikanitoka kwa mlinzi, ikahamia kwenye risiti yangu.

Tukahamia kusini. Paje tuliipita tu, vijana wanavutwa na tiara juu ya maji. Jambiani tulipanga kwa bibi mmoja mwenye vyumba vichache: feni inalia, umeme unakatika, bombani maji ya chumvi. Asubuhi chapati na mchuzi wa pweza, na "mmelalaje, wanangu?" Maji yakitoka, wanawake wanashuka kwenye mwani. Bibi anasema ule mnene wenye bei nzuri siku hizi unakufa, bahari imekuwa ya moto, wamebaki na mwembamba wa bei ndogo.

Nikawaza fukwe zetu za Mwanza Jumapili: kiingilio kidogo, sato mzima kwa mikono, muziki wa kupasua masikio, watoto wa kila mtu majini. Huduma mbovu, lakini sijawahi kuulizwa nimeingiaje.

Mke wangu hakubaliani nami. Anasema Jambiani alilipa elfu themanini kwa usiku ili aoge chumvi gizani, na mwakani turudi Kiwengwa.