Kuwahi jalidi: kumbukumbu ya bustani yetu ya jamii, Louisville, Kentucky, Marekani

Katikati ya Septemba

Bustani imejaa kupita kiasi. Lengalenga zimenipita urefu, maharage ya kutambaa yamefunga njia, maboga yamevuka mpaka hadi kwenye tuta la jirani, na pilipili zinaiva kwa kasi kuliko midomo yetu. Mpita njia atadhani hapa hakuna kazi iliyobaki ila kula. Sisi tunaolima hapa tunaangalia kalenda. Louisville, jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda kuwa barafu, kwa kawaida hufika kati ya katikati na mwisho wa Oktoba, na ikifika haina mazungumzo. Usiku mmoja unatosha kugeuza lengalenga, matembele, ngogwe (nyanya chungu) na maboga kuwa majani meusi yaliyolegea.

Sisi tuliotoka Kivu, Kigoma au Bujumbura hili hutuchukua muda kulizoea. Kule mboga humsubiri mwenyewe. Unachuma ya leo, ya kesho inabaki shambani, na ukame unapokuja unauona kwa mbali. Huku shamba zima hufungwa kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mwaka huu kikundi kimekubaliana kupanga mavuno kwa kuuliza swali moja kwa kila zao: baridi ikija, hili linakufa au linavumilia? Mwaka jana kila mtu alivuna kile kilichomvutia macho. Mwaka huu tunafuata foleni ya baridi.

Foleni yenyewe iko hivi. Mbele kabisa ni watoto wa joto: lengalenga, matembele, choya (rosela), majani ya maboga, bamia, ngogwe, pilipili. Nyuma yao ni vile ambavyo jani litakufa lakini tunda au mzizi unaweza kukaa miezi ukitunzwa: viazi vitamu, maboga, nyanya zilizo kijani bado. Mwisho ni wale wasiojali: sukuma wiki, kabichi, haradali, karoti. Hao tunawaacha palepale walipo, tena sukuma wiki huwa tamu zaidi baada ya jalidi, kwa sababu mmea hujaza sukari ndani ya majani ili yasigande. Mama mmoja wa Uvira hakuliamini hilo mpaka alipopika ya Novemba.

Bustani ni matuta ya familia, bomba moja la maji, banda la zana na lundo la mboji la wote. Udongo ni mfinyanzi mzito, ukikauka unapasuka, ukilowa unang'ang'ania jembe. Wengi wetu ni Wakongo na Warundi waliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Wapo pia wazee wa Kinepali waliofukuzwa Bhutan, na bibi mmoja aliyezaliwa kwenye milima ya mashariki mwa Kentucky, ambaye anajua kuhifadhi chakula kuliko sisi wote tukijumlishwa.

Wiki ya mwisho ya Septemba

Maharage mabichi yalitushinda wingi. Tulikuwa tunataka kuyaweka yote kwenye friza, bibi akatuzuia. Akatoa sindano nene na uzi wa pamba, akakata ncha za ganda, akavuta ule uzi mgumu wa pembeni, kisha akatunga ganda moja baada ya jingine katikati, mpaka ikawa shada ndefu kama mkono. Alisema kwao milimani mashada haya yalikuwa yakining'inizwa barazani au karibu na jiko tangu enzi za mama yake, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na friza. Yakikauka hugeuka kahawia na kuwa magumu kabisa. Ukitaka kuyapika, yaloweke usiku kucha, kisha yachemshe taratibu kwa masaa, wao kwa kipande cha nguruwe, sisi kwa kitunguu na mawese.

Mama wa Kirundi aliyekaa karibu yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi, hii ni kazi ya nyumbani kabisa." Nadhani ni kweli. Wagogo hukausha mlenda, wengine majani ya kunde, kwa hesabu ileile: kiangazi ni kirefu na mboga ya kijani haipo. Huku kiangazi ndio majira ya baridi. Nimetunga mashada yangu na yananing'inia dirishani jikoni, pamoja na pilipili.

Nyanya tulizishughulikia Jumamosi, jikoni kwa jirani mwenye sufuria kubwa. Hapa sikubali mchezo, nami naliandika kwa kirefu kwa sababu wapo wanaoiga video bila kuuliza. Chakula kikifungwa kwenye chupa kinakosa hewa, na bakteria wa sumu ya botulizimu anapenda hapohapo, ilimradi tindikali iwe kidogo. Mpaka wake ni 4.6 kwenye kipimo cha tindikali cha pH: namba ikipanda, tindikali inapungua. Nyanya ziko karibu sana na mpaka huo, nyingine zinauvuka, kwa hiyo kila chupa ya kwoti, yaani karibu lita moja, tunaitia vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani. Ya dukani, kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki kama wa limau la kukamua. Nyanya zilizopondwa na kuchemshwa tunazijaza zikiwa za moto, tunafunga, tunazamisha chupa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 45. Muda huo ni wa sehemu za chini kama Louisville, mlimani huongezwa.

Na mboga za majani je? Hizo hazina tindikali ya kutosha. Kuzichemsha kwenye chupa kwa njia ya nyanya ni kuitia familia hatarini. Zinahitaji sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tena yenye kipimo kilichokaguliwa. Sisi tuna friza na jua, vinatutosha. Anayetaka presha aende kwanza ofisi ya ugani ya kaunti, huko wanafundisha.

Mwanzoni mwa Oktoba

Choya imetoa vichomozo vya maua sasa hivi, wakati imebakiza wiki chache za uhai. Mbaazi ya mzee wetu mmoja, aliyoagiza mbegu yake kwa ndugu, ndiyo kwanza inachanua, mti umefika mabegani na hauna hata ganda moja. Watu walisema ni udongo. Sababu ni jua. Mimea hii miwili hungoja siku zifupike ndipo ichanue. Karibu na ikweta mchana una urefu wa kama masaa 12 mwaka mzima, mmea haupati shida. Louisville iko nyuzi 38 kaskazini, mchana wa Juni unakaribia masaa 15, basi mmea unaendelea kuota majani tu ukisubiri ishara, na ishara inakuja pamoja na baridi. Choya tunailima kwa majani yake machachu, ambayo hayangoji ua, na tumefaidi tangu Julai. Mbaazi itabidi tutafute aina isiyojali urefu wa mchana. Mzee hakufurahi, lakini aliposikia kwamba hakukosea kazi yake, alitulia.

Tumechimba viazi vitamu. Kazi yake inaanza na majani: kabla jembe halijagusa tuta, kina mama walipita na kukata matembele yote, ncha laini tu, zile ngumu zikaenda kwenye mboji. Tukayatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, tukayahamishia kwenye beseni la barafu, tukayakamua kwa mikono mpaka yakawa matonge, tukayabonyeza yawe bapa ndani ya mifuko. Hizo dakika mbili ndizo zinazoua vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha hata ndani ya friza. Mifuko bapa hupangika kama vitabu, na huyeyuka upesi siku ya kupika.

Kisha viazi vyenyewe. Tulipanda aina mbili: Beauregard, ya rangi ya machungwa, laini na yenye maji, ambayo watoto wanaipenda, na Murasaki, ganda zambarau, ndani nyeupe, kavu, inayofaa kwa chai ya asubuhi kama viazi vya nyumbani. Kwangu Murasaki haina mpinzani. Mfinyanzi ulikuwa umeshika sana, tukalazimika kuingiza uma wa bustani mbali na shina na kunyanyua polepole, maana ganda la kiazi kilichotoka ardhini ni jembamba kiasi kwamba kidole gumba kinalichubua. Usikioshe. Usikitie kwenye friji pia. Chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi moyo wake hugeuka mgumu na hauivi hata ukipikwa.

Tumevipanga kwenye kreti ndani ya chumba kidogo cha jirani, hita ya umeme, beseni la maji kwa ajili ya unyevu, kipimajoto ukutani. Tunalenga nyuzijoto 29 kwa muda wa wiki hivi. Katika joto hilo michubuko inajifunga ganda jipya na wanga unaanza kuwa sukari. Ukila kiazi siku ya kukichimba hukijui. Baada ya hapo vinakaa mahali penye giza, nyuzijoto 13 hadi 15, na vitatufikisha machipuko.

Wiki ya pili ya Oktoba

Wazee wa Bhutan walikuwa na haradali nyingi mno na wakatuita. Nilimwendea mkubwa wao, nikamsalimia kwa mikono miwili kama wanavyofanya, akanikalisha. Majani yalikuwa yameanikwa siku mbili mpaka yakanyauka, hayavunjiki tena ukiyakunja. Akayaponda kidogo kwa mchi, akayashindilia ndani ya chupa ya kioo, akaongeza, akashindilia tena kwa ngumi, mpaka maji ya kijani yakapanda juu yenyewe. Hakutia chumvi wala siki. Chupa ikafungwa na kuwekwa dirishani penye jua, na hapo majani yanachachuka yenyewe, kama togwa. Yakishakuwa machachu yanatolewa na kuanikwa mpaka yakauke kabisa. Wanaiita gundruk, na inakaa kabatini mwaka mzima.

Alitupa supu yake ya mwaka jana tuonje. Uchachu wake uko karibu na wa choya. Tayari kina mama wetu wanajadili kuitia kwenye maharage.

Usiku wa jalidi

Utabiri ulisema nyuzi 36 za Fahrenheit, kama 2 za Selsiasi, mbingu safi, hakuna upepo. Wageni huona 2 wakalala. Lakini usiku wa namna hiyo ardhi hupoteza joto lake moja kwa moja angani, na jani lililo karibu na udongo linaganda ingawa kipimo cha hewa hakijafika sifuri. Ujumbe ulizunguka kwenye simu mchana, na jioni tulikuwa wengi bustanini kuliko siku yoyote ya mwaka. Maboga yalikatwa na vikonyo vyake, urefu wa kidole, kwa sababu boga lisilo na kikonyo huozea pale juu. Nyanya za kijani zilijaa masanduku. Pilipili na ngogwe ziling'olewa na shina zima, zichumwe ndani ya nyumba kwenye mwanga. Matuta mawili ya lengalenga changa tulifunika kwa mashuka ya zamani, yakapona.

Asubuhi kilichobaki wazi kilikuwa kimeisha. Sukuma wiki ilikuwa na unga mweupe ukingoni mwa majani, na kufikia saa nne ya asubuhi ilikuwa imesimama wima.

Nyanya za kijani: zilizoanza kupauka tumezifunga kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, hewa ya ethilini inayotoka kwenye ndizi inaziivisha. Zile ngumu kabisa zimekuwa achari, na bibi ametukaangia nyingine kwa unga wa mahindi kama wafanyavyo kusini mwa Marekani. Watoto walizimaliza.

Novemba

Mahindi meupe yamepukuchuliwa. Ni Hickory King, mbegu ya zamani ya milima hii, punje pana na nyeupe, na unga wake unasonga ugali ambao haukutofautiana na wa nyumbani mezani petu. Wakentucky waliitunza kwa mkate wao wa mahindi. Kwangu ndiyo ugunduzi mkubwa wa mwaka, na mwakani tunaipa eneo zaidi.

Maharage makavu yamepita kwenye friza siku chache ili kuua mayai ya fukusi, sasa yako kwenye ndoo zilizofungwa. Mbegu za lengalenga tulizipata kwa kusugua vichwa vilivyokauka juu ya shuka na kupepeta kwa ungo, siku isiyo na upepo. Ni punje nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini, na kikombe kimoja kinatosha familia zote.

Kitunguu saumu kimeingia ardhini, ncha juu, kina cha sentimita 5, kimefunikwa kwa majani makavu. Kinahitaji baridi hii ili kigawanyike punje. Kitavunwa karibu na Julai. Matuta matupu yamepandwa rai, nafaka inayovumilia baridi, mwezi uliopita, imeshaota, itashika udongo usichukuliwe na mvua. Majani ya miti ya mtaani tunayakusanya kwa mifuko kwa ajili ya mboji, na majirani wanafurahi kutupa.

Kazi zilizobaki: kukagua viazi kila baada ya wiki mbili na kutoa chochote kilicholainika, kugawa chupa za nyanya kwa familia zilizofika mji huu baada ya msimu wa kupanda, na kuagiza miche ya Murasaki mapema, kwa sababu huisha. Matuta mapya yatagawiwa Februari. Anayetaka moja aje na jembe lake. Mbegu ya lengalenga ipo.