Zimwi likujualo nalo linakula

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi Nansio, Ukerewe. Tukianza kuongea siasa kwenye simu, mazungumzo huishia palepale kila mara: "Mwanangu, zimwi likujualo halikuli likakwisha." Akishasema hivyo ananiuliza kama watoto wamekula, na siasa imefungwa.

Sithubutu kumkatiza mama yangu, kwa hiyo nitamjibu hapa, kisha nitamwomba mdogo wangu amsomee. Mama, methali hiyo yenyewe inakiri kwamba zimwi linakula. Inachotuahidi ni kwamba halitatumaliza tu. Mimi nina miaka 47, ninauza dagaa mwaloni (mahali mitumbwi inapotia nanga) Kirumba, Mwanza, nina watoto watatu, na sitaki tena kuishi kwa ahadi ya kutomalizwa. Nataka mwaka 2030 chama kinachotawala Tanzania kiondoke madarakani kwa kura na kingine kiingie. Nasema hivi bila chuki na mtu. Baba alifariki akiwa na kadi ya CCM kwenye mfuko wa koti lake la Jumapili, na sisi tukamzika na koti hilo.

Nianze na baba huyohuyo, kwa sababu jambo hili nimelijua kwake.

Baba alikuwa mvuvi. Mtumbwi ulikuwa wake lakini nyavu zilikuwa za tajiri. Makubaliano yao yalikuwa kwamba samaki wote wauzwe kwa tajiri mpaka deni la nyavu liishe. Deni halikuwahi kuisha, maana kila nyavu zilipochanika tajiri alileta nyingine na kuandika kwenye daftari lake. Mizani yake aliining'iniza kwenye tawi la mwembe, hatua chache kutoka majini. Baba akipima sangara kilo 20, tajiri anaandika 18. Kilo mbili anasema ni maji.

Na hakuwa mtu mbaya. Bibi alipofariki, sanda na jeneza vilitoka kwake. Nilipofaulu kwenda sekondari alininunulia sanduku la bati, la rangi ya bluu, na kufuli lake. Ninalo hadi leo, naweka humo vyeti vya watoto. Nikilifungua huwa naona vigumu kumsema vibaya.

Nikiwa kidato cha pili, mwaka 1994, akaja mnunuzi mwingine na boti lenye barafu. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimeshafunguliwa Mwanza na sangara walitafutwa kila mwalo. Baba hakumuuzia hata samaki mmoja. Alikuwa na deni, na zaidi ya deni alikuwa na aibu: utamwachaje mtu aliyekuzikia mama yako? Lakini wiki ileile boti lilipotia nanga, tajiri akaacha kukata kilo mbili za maji. Samaki walikuwa walewale, wabichi vilevile, wanachuruzika kama jana. Kilo 20 ikaandikwa 20.

Karibu wavuvi wote wa mwalo ule walifanya kama baba. Walifurahia mizani kuwa sawa, wakaendelea kumuuzia tajiri. Msimu ulipoisha mwenye boti akaondoka kwa sababu hakuna aliyempelekea mzigo wa maana, na hakurudi tena. Mwezi haukupita, kilo mbili za maji zikarudi. Baba alikaa na jambo hilo moyoni miaka mingi. Jioni moja tukiwa tunapara samaki aliniambia, "Tulitakiwa tumuuzie angalau mara moja." Hakuongeza neno.

Ndiyo maana wanaoniambia kwamba inatosha kuwa na upinzani bungeni wa kuikosoa serikali hawanishawishi. Mnunuzi wa pili ambaye hauziwi hata siku moja, wa kwanza atamzoea. Tangu Uhuru wa 1961, Bara haijawahi kuongozwa na chama kingine zaidi ya TANU na mrithi wake CCM. Vyama vingi vilirudi kisheria Julai 1992, na chaguzi kuu zote zilizofuata zimempa ushindi mtu wa chama kilekile. Mara nyingine mizani imekaa sawa kidogo kwa sababu boti lilionekana kwa mbali. Boti likipotea, maji yanarudi kwenye hesabu.

Wala wazo la kuruhusu chama kingine halikuanzia kwa wapinzani peke yao. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, takribani watu wanane kati ya kumi walisema tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na Mwalimu Nyerere akaunga mkono. Mwaka 1995 akasema wazi kwamba Watanzania wanataka mabadiliko na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje ya CCM. Alikuwa mwanzilishi wa chama hicho. Kama yeye aliweza kufikiri nje ya nyumba aliyoijenga, mimi niliyezaliwa ndani yake nisikatazwe.

Sasa niwasimulie usiku mmoja.

Tarehe 31 Oktoba 2010 nilikuwa wakala wa chama cha upinzani kwenye kituo kimoja cha kura hapa Igogo, jimbo la Nyamagana. Kituo kilikuwa darasani. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Wakala wa chama tawala alikuwa mama wa makamo, jirani yangu wa mtaa wa juu kule kwenye mawe. Siku nyingine zote ungemkuta na khanga ya kijani na njano, ila siku ile alivaa kitenge cha kawaida maana sare za chama haziruhusiwi kituoni. Asubuhi tulisalimiana kwa ubaridi. Jioni umeme ulikatika, tukawasha taa ya karabai, na msimamizi akaanza kuhesabu.

Ambaye hajakaa kwenye chumba kile hajui uzito wake. Msimamizi anainua karatasi moja, anaifungua, anaielekeza kwa mawakala, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Anainua nyingine. Hakuna anayeongea. Karatasi yenye alama ya kutatanisha inazungushwa mkono kwa mkono, kila wakala anaitazama kwenye mwanga, tunakubaliana au tunabishana kisha tunakubaliana. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Mawakala tulikalia madawati, na kiti chenye egemeo kilikuwa kimoja tu, amekikalia yule mama. Tulipofika kura za ubunge, na fungu la kwetu lilikuwa limeanza kuzidi la kwao waziwazi, aliinuka. Nikadhani anakwenda kulalamika. Alikisukuma kiti hadi nilipo, akasema, "Kaa, utazaa hapa," akaenda kukaa kwenye dawati langu.

Usiku wa manane tulisaini fomu ya matokeo. Yeye alisaini kabla yangu. Fomu ikabandikwa mlangoni, na vijana waliokuwa wanasubiri nje wakaanza kuisoma kwa tochi za simu.

Nyamagana ikachukuliwa na Ezekia Wenje wa CHADEMA, na aliyeshindwa, Lawrence Masha, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri wa polisi aliondolewa na wauza mitumba na wachoma samaki, kwa kalamu. Ilemela nayo ilikwenda CHADEMA. Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, majimbo yote mawili yakarudi CCM, kwa kalamu ileile. Nilisikitika sana mwaka huo, lakini leo naona ilikuwa sehemu ya uzuri wenyewe. Mwanza ilikuwa imejifunza kwamba inaweza kumweka mtu na kumtoa, na asubuhi yake mitumbwi ikaingia na dagaa kama kawaida. Kampeni za 2015 wagombea wa pande zote walipanda milima ya Igogo kwa miguu, jua kali, mpaka kwenye nyumba ambazo hata pikipiki haifiki. Walijua tunaweza kuwatoa. Ninachotaka ni Ikulu nayo ilijue hilo.

Najua mama ataniambia habari ya daraja. Mama, nimelivuka. Lilipofunguliwa Juni 2025 nilipanda basi la kwenda Sengerema bila shida yoyote ya kunipeleka, nilitaka tu kupita juu ya maji yale ambayo tangu utotoni tumeyasubiri kwenye foleni ya kivuko, Kigongo hadi Busisi. Kilomita tatu. Nilitokwa na machozi, na niliyemshukuru nilimshukuru kwa dhati. Lakini daraja ni kodi yangu na yako, ni ushuru wa kila gunia linalotoka Kirumba kwenda Kongo na Burundi. Shukrani ninatoa. Kura ni kitu kingine, kama vile sanduku langu la bluu lilikuwa kitu kimoja na kilo mbili za maji kitu kingine. Mtu akikutendea wema, mshukuru, na bado una haki ya kuangalia mizani yake.

Wengine huniambia wapinzani hawana uzoefu wa kuongoza nchi. TANU ilizaliwa Julai 1954 na Desemba 1961 ikapewa nchi, ina miaka saba tu, na madaktari na wahandisi wazalendo ulikuwa unaweza kuwahesabu kwa vidole. Hatukuambiwa tusubiri wapate uzoefu, na kama tungeambiwa tungekataa. Uzoefu wa kutawala hupatikana kwa kutawala. CHADEMA ilisajiliwa mwaka 1993. Mtu aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto shuleni.

Halafu kuna hoja ya amani, na hii ndiyo inayomtisha mama kweli, kwa sababu mwaka 2008 tulisikia ya Kenya kila siku redioni. Tuikumbuke vizuri hiyo Kenya, ni jirani wa ziwa hilihili. Desemba 2002 KANU iliondolewa baada ya kutawala tangu 1963, Moi akamkabidhi Kibaki, na watu wakashangilia mitaani. Damu ilimwagika baada ya uchaguzi wa 2007, pale aliyekuwa madarakani alipotangazwa mshindi kwa matokeo ambayo wengi hawakuyaamini. Kilichowaka ni kutoaminika kwa hesabu. Zambia, Kaunda alishindwa mwaka 1991 baada ya miaka 27, akakubali, na alipofariki taifa zima lilimlilia kama baba. Malawi ndiyo inanigusa zaidi kwa kuwa ni nchi ya hali kama yetu. Mahakama yao ilifuta uchaguzi wa 2019, ukarudiwa Juni 2020, Mutharika akatoka na Chakwera akaingia. Septemba 2025 wananchi wakamtoa Chakwera wakamrudisha Mutharika. Botswana, chama kilichotawala tangu 1966 kiliangushwa Oktoba 2024, na rais akakubali kushindwa kabla hesabu haijakamilika.

Sisi mwaka uliofuata tukawa na 29 Oktoba 2025.

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu bado kunauma. Nilipofungua karatasi ya urais, majina na picha vilikuwa vingi, lakini chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo. Kilikuwa kimeondolewa tangu Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kikidai mabadiliko ya sheria kwanza, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Watu walikufa siku ile na siku zilizofuata. Intaneti ikazimwa. Kisha tukatangaziwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Boti lenye barafu halikuruhusiwa kutia nanga, halafu tukaambiwa wavuvi wote wamempenda tajiri.

Waliozikwa walikuwa watoto wa watu. Sitaki mtu yeyote arudi barabarani kufa kwa ajili ya jambo ambalo lingemalizwa na karatasi na karabai. Kwa hiyo hadi 2030 nitasema mambo mawili kila nitakapokaa, mwaloni, kwenye vikoba, kanisani. La kwanza, vyama vyote virudi kwenye karatasi, na tume ya uchaguzi isimamiwe na watu ambao hawakuteuliwa na mmoja wa wagombea. La pili ni ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika, iliyopo hapohapo Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba katazo hilo linavunja haki zetu. Ibara bado ipo. Diwani wa Igogo anaweza kupelekwa mahakamani kwa kura zake, Rais hawezi, na ndiye mwenye kura nyingi zaidi za kuhesabiwa.

Na karatasi ikishakuwa kamili, tumuuzie mnunuzi mwingine. Akikata maji naye, 2035 tutamtoa, hata kama ni kumrudisha huyu wa sasa.

Mimba ile ya miezi sita ilizaliwa Januari 2011. Ni msichana, ana miaka 15 sasa, na anajua hadithi ya kiti kwa moyo maana yule mama wa mtaa wa juu humwita "wakala mwenzangu" wakikutana bombani. Atatimiza miaka 18 Januari 2029. Uboreshaji wa daftari la wapigakura ukifika Igogo nitafunga meza mwaloni siku hiyo na nitampeleka mwenyewe.