Malindi, Lamu na Mokowe: safari ya kutafuta mji wa karakana

Niliondoka Mombasa mwezi wa Mei kwa makusudi. Mwezi huo masika imeshika, upepo wa kusi umeanza kuvuma na wageni wamesharudi kwao. Mimi ni fundi wa friji, na nilikuwa natafuta mji mdogo zaidi wa pwani nihamie pamoja na jamaa zangu na karakana yangu. Desemba kila mji wa pwani una pesa. Nilichotaka kujua ni nani anayetengeneza friji yake Mei.

Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi na matatu hazikosekani: Mtwapa, Kilifi na daraja lake, njia panda ya Gede iendayo Watamu, mara umefika. Kwa fundi, wepesi wa barabara hiyo ni mtaji. Kompresa, yaani pampu ya friji, ikitakiwa asubuhi, mtu wako wa Mombasa anaipakia kwenye matatu, na jioni umeshaifunga.

Malindi si mji mdogo tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 119,859. Upande wa ufuoni nilikuta mageti ya hoteli yamefungwa na tuktuk zimejipanga kivulini. Nilimuuliza dereva mmoja hali ya kazi. "Kaka, saa hii twasukuma siku tu," akanijibu. "Subiri Agosti, Waitaliano wakija." Waitaliano wameshika utalii wa Malindi kwa miongo mingi, wengine wamejenga kabisa, kwa hiyo likizo yao ya Agosti ni mavuno ya watu wengi hapa.

Nilikwenda sokoni, maana huko ndiko jibu langu lilikokuwa. Friji za wauza samaki zilikuwa zinanguruma, za mabucha pia, na mitaa ya Maweni na Barani akina mama walikuwa wanauza barafu na sharubati kama kawaida. Hao ndio wateja wa mwaka mzima. Lakini kila niliyemuuliza alikuwa na fundi wake, na fundi huyo ana kijana anayemfundisha. Mafundi wenyewe walinipokea vizuri, wakanikalisha kwa chai na mahamri, na wakaniambia ukweli: kazi ya hoteli ina pesa nzuri, ila huja kwa mafungu, na msimu ukifa nao hugombania friji zilezile za sokoni. Niliwashukuru kwa dhati. Si kila mtu humwambia mgeni hivyo.

Basi la Lamu likavuka mto Sabaki, likapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, likaingia nyika ndefu hadi Garsen na mto Tana. Penye vizuizi vya polisi kila abiria hushika kitambulisho mkononi. Barabara ya Garsen kwenda Lamu, iliyowatesa watu kwa vumbi na matope, sasa ina lami. Hata hivyo mvua za El Nino za 2023 zilifurika hadi zikaikata karibu na Gamba, na nilipopita hapo nilianza kupiga hesabu nyingine. Anayefanya kazi ng'ambo ya Tana hawezi kuagiza kipuri baada ya friji kuharibika. Lazima awe na stoo yake: kompresa, feni, thamostati, mitungi ya gesi. Na gesi ya friji iitwayo R600a hushika moto, huwezi kuisukuma chini ya kiti cha basi lenye watu. Pesa ya kuanzia inapanda.

Mwisho wa barabara ni Mokowe; kutoka gatini unapanda boti hadi kisiwani. Uzuri wa mji wa Lamu unajulikana, ndiyo maana UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vichochoro. Gari halipiti. Friji kubwa ya kulala, ile inayofunguliwa juu, inashushwa kutoka botini, inabebwa na mahamali au mkokoteni, na kila kona inataka watu wanne wenye subira.

Mtaa wa Langoni, hapo Lamu, nilimsalimu mzee mmoja muuza samaki. "Ndoo mwanangu, ukae," akaniambia, nami nikamweleza kazi yangu. Akanyanyuka papo hapo akanipeleka nyuma ya duka. Friji yake ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, akimngoja fundi wa Malindi, ambaye haji mpaka akusanye kazi kadhaa za kulipia safari. Niliifungua. Kompresa ilikuwa nzima. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula mapezi ya alumini ya kondensa, sehemu inayotoa joto la friji, yakawa unga mkononi, na mota ya feni imeshika kutu. Ni kazi ya siku moja kwa mwenye vipuri, na mzee alikuwa amepoteza samaki wa miezi. Iliniuma sana. Siku hiyo nilioneshwa friji nyingine za namna hiyo kuliko nilivyoweza kufungua.

Kufungua karakana kisiwani, hata hivyo, ni kujifungia. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 kwenye sensa ya 2019, na wengi wako bara: Hindi, Mpeketoni, Witu. Bandari mpya, iliyoanza kupokea meli Mei 2021, nayo iko bara, Kililana. Mokowe ina lami, ina umeme, ofisi za kaunti zipo, na mahali pa kugeuzia gari la mzigo hapana shida. Pikipiki inafika Hindi, boti inafika Lamu.

Mama watoto aliniuliza kwa simu jambo moja tu: mtoto akiugua usiku? Hospitali ya King Fahd iko kisiwani, na usiku kutafuta boti Mokowe si mchezo. Kwa hiyo karakana itakuwa Mokowe, nyumba itakuwa Langoni, nami nitavuka kila asubuhi. Kibanda nilichokipata kina sakafu ya saruji na mita yake ya umeme. Mwenyewe anataka kodi ya miezi mitatu mbele, na tumekubaliana nianze Agosti, kabla kaskazi haijaleta wageni. Mzigo wa kwanza utakaotangulia ni kondensa na feni, na ya mzee wa Langoni imo.