Faida Iliyokwama Sokoni

Leo, Machi 10, 2023, wasimamizi wa California wameifunga Silicon Valley Bank.

Jirani yangu hapa San Jose alikuwa ameazima hisa za benki hiyo na kuziuza, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini, azirudishe na kubaki na tofauti. Jana pekee zilishuka kwa asilimia 60.

Nilipopita kwake jioni, simu yake ilikuwa bado inaonyesha dola 106.04, bei ya kufungia soko jana, kwa kuwa biashara ya hisa hizo imesimamishwa. Hawezi kununua, hawezi kurudisha, na ada ya kuazima inaendelea kuhesabiwa.

Amekisia sawasawa, lakini fedha hazishikiki. Inanisikitisha sana.

Ninyi mnaofuatilia masoko, dalali hufungaje hesabu ya namna hii?